Mahindi Niliyoyalaza Kwenye Simu

Mwezi wa tatu hapa Kitale mtu hatulii. Unatoka nje kuangalia mawingu upande wa mlima, unarudi ndani, unatoka tena. Mwaka ule sikuangalia mawingu. Niliangalia simu, na simu hiyo ilikuwa inakula pesa yetu ya mbolea ya kupandia.

Mkwe wangu, mume wa binti yetu mkubwa, anaishi Bungoma mjini. Nilipowatembelea alinionyesha biashara yake: kubashiri bei ya mahindi ya Marekani ambayo hata hayajavunwa. Kampuni ya mtandaoni inakuuzia mtihani. Unalipa ada, unapewa akaunti yenye pesa za kuigiza, na ukifikisha faida waliyoweka bila kuvunja sheria zao, wanakupandisha daraja, uanze kugawana nao faida. Pesa ya ndani ni ya mchezo, ada ni ya kweli. Alinieleza hivyo wazi, sina la kumlaumu.

Sheria pia alinieleza. Ukipoteza kiasi fulani kwa siku moja, umeanguka. Halafu kuna kiwango cha chini cha pesa ya akaunti usichopaswa kukigusa: ukipata faida kinapanda nyuma yako, ukipata hasara hakishuki.

"Na kubwa zaidi, Baba, usilale kabla ya kufunga. Ijumaa hasa. Uza yote uliyonunua kabla soko halijafungwa, hata kwa hasara."

Nilicheka. "Mimi nalaza mahindi ghalani tangu wewe hujazaliwa. Bei mbaya inangojwa."

"Haya si ya ghala, Baba."

"Mahindi ni mahindi."

Nilimpa ada alipe kwa kadi yake. Nikaanguka wiki ya kwanza. Nikampa nyingine, nikaanguka tena. Zote zilitoka kwenye pesa ambayo mke wangu aliniachia niiweke, baada ya kuuza magunia yetu ya mahindi sokoni Moi's Bridge. Kanisani, kwenye ibada ya Jumatano jioni, nilitoka katikati ya mahubiri kama mtu aliyebanwa na mkojo, nikasimama nyuma ya choo nikichungulia bei. Mke wangu alidhani nina ugonjwa wa sukari. Alianza kuninyima chai ya sukari, nami nikanywa hivyo hivyo, kwa sababu kumweleza kulikuwa kuchungu zaidi.

Mara ya tatu nilikaribia kabisa kufaulu. Kisha Ijumaa bei ikateleza. Mkwe akapiga simu.

"Baba, umefunga?"

"Nimefunga."

Sikuwa nimefunga. Niliona ni ujinga kuuza siku ya bei mbaya.

Jumamosi asubuhi nilikuta ujumbe mfupi: nimevunja sheria, akaunti imefungwa. Jumatatu bei ikapanda, sawasawa na nilivyobashiri. Nilizunguka boma nikiongea peke yangu. Nilikuwa nimepatia, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Wiki hiyo mvua ikanyesha. Mke wangu akafunga leso kiunoni. "Mzee, twende tuchukue mbolea. Majirani washaanza kupanda."

Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama mlangoni.

"Ati nini? Ulinunua mahindi?"

"Ya kwenye simu."

"Yako wapi?"

"Hayakuwepo. Yalikuwa ya mazoezi."

"Na pesa yetu?"

"Hiyo ilikuwepo."

Alinitazama. Kisha akavaa gambuti, akaenda kwa jirani. Aliporudi alikuwa naye. Walikuwa wameelewana: jirani atatupa mbolea ya nusu ya shamba, naye atalima ile nusu nyingine msimu huu, ile ya chini karibu na mto, yenye udongo mweusi. Sikuulizwa, na sikustahili kuulizwa.

Tulishuka kupima nusu yetu. Jirani akashika ncha moja ya kamba, nami nyingine. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mfukoni, unapapasa simu.

"Shika kwa mikono miwili, bana," mke wangu akasema. "Na usilegeze. Unampa mwenzako zaidi ya tulivyokubaliana."