Kasiani na Jibini ya Posa

Kasiani aliacha kuamini watu wakati wa vita, mwaka wa arobaini na tatu. Kabla ya hapo alikuwa mkulima kama wengine wa milimani juu ya Mkuyuni: ndizi, mihogo, pilipili kidogo kando ya nyumba, Jumapili misa, Jumatatu jembe. Halafu mafuta ya kupikia yakaadimika, na mchuuzi mmoja mwenye baiskeli akapanda mlima na makopo.

"Mafuta safi haya, kaka. Ya Ulaya."

Kasiani akamwambia aonje kwanza. Ndiyo mila, mleta chakula ndiye anayeanza, anatoa sumu. Yule mshenzi akachovya kidole cha shahada, akalamba cha kati. Kasiani hakuona. Nyumba nzima waliharisha mpaka hakuna aliyeweza kwenda kuchota maji, na mkewe akalazwa misheni. Kumbe ile ilikuwa grisi ya magurudumu.

Toka hapo, ukimletea Kasiani kitu, onja. Pombe, onja. Dawa ya kikohozi, onja. Katekista alimletea sukari akaambiwa ailambe, na Kasiani akasogea mpaka pua zikagusana, akague kidole kipi kimechovya na kipi kimeingia mdomoni. Watu walimcheka. Yeye alisema wacheke, siku yao ikifika choo watachimba wenyewe.

Sasa fikiria mtu kama huyo ndiye unamwendea kuomba mke.

Mwaka wa hamsini na nne, kijana anaitwa Lukasi alipanda kuja kumposa Agnes. Agnes ni mtoto wa dada yake Kasiani, na kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Baba atasikilizwa, lakini mjomba akisema hapana, imekwisha hiyo. Lukasi alijua. Agnes mwenyewe alikuwa amemtaka tangu walipojuana sokoni mjini, kwa hiyo kilichobaki ni mdomo wa Kasiani tu.

Lukasi alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa shamba la mkonge, nje ya mji wa Morogoro. Alifika amevaa viatu. Kasiani akavitazama kabla hajamtazama usoni. Mtu anayepanda mlima na viatu, alijiambia, ana kitu anaficha miguuni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Usiniite mjomba, bado. Umebeba nini?"

Lukasi akafungua kitambaa kibichi juu ya kigoda. Ndani mlikuwa na kipande cha manjano chenye vidoa vyeusi, kingine chenye vijani vya kitunguu, na chupa ya mdomo mpana yenye kitu laini kama uji mzito. Harufu ikatangulia. Mbwa akainuka, akanusa, akaenda kulala mbali.

"Jibini," Lukasi akasema. "Hizi ngumu wanaziita cheda. Hii imetiwa pilipili manga, hii kitunguu. Hii laini ni ya kupaka."

"Imetengenezwa na nini?"

"Maziwa."

"Maziwa ni meupe. Maziwa yanamwagika. Wewe umeyafunga kwenye kitambaa."

"Yanagandishwa, yanakamuliwa maji, yanawekwa mpaka yanakuwa magumu. Miezi. Mengine mwaka mzima."

Kasiani akamgeukia Maneno, aliyekuwa amekaa pembeni anajichokonoa meno. Maneno ni mtani wake, wa ukoo wanaotaniana tangu mababu, na mtani haulizwi amefuata nini. "Umesikia? Anakuja kuoa na maziwa ya mwaka jana."

"Afadhali yeye," Maneno akasema. "Wewe ulioa na kuku mgonjwa. Alikufa kabla hatujamchinja."

Agnes, aliyekuwa anapepeta mchele mlangoni, akainamia ungo ili asionekane anacheka.

"Umeipata wapi?" Kasiani akauliza.

"Bibi, mke wa Mzungu, amerudi kwao. Aligawa vitu. Mimi nikapewa hivi."

"Na wenzako?"

"Mmoja chandarua. Mwingine sahani."

"Wenzako wanapata chandarua, wewe unapata sabuni inayonuka. Ama umeiba, ama hata Mzungu alikuwa anaitupa." Kasiani akasogeza kigoda kwa Lukasi. "Haya. Onja."

Lukasi hakuinua mkono.

"Onja, kijana."

"Mzee, naomba unisamehe hapo."

Hata Maneno akaacha kujichokonoa meno. Kasiani akaikumbuka ile grisi. Alikuwa amewaonjesha watu miaka kumi na zaidi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukataa. Kwa hiyo kipo kitu. Sumu, au dawa ya kumlegeza mjomba aseme ndiyo kwa kila kitu.

"Lukasi," Agnes akaita kutoka mlangoni, na sauti yake haikuwa na kicheko tena. "Kwa nini huonji?"

Lukasi angeweza kulivumilia swali la Kasiani. Hili la Agnes lilimchoma. "Kwa sababu siipendi," akasema. "Naikata kila siku, naipanga kwenye sahani, na kila siku inanigeuza tumbo. Nikiila itatoka hapahapa, mbele ya wakwe. Nitaweka wapi uso?"

"Unaniletea mimi kitu ambacho wewe huli?" Kasiani akauliza.

"Pale kwa Mzungu, mgeni wa heshima akija ndiyo anayopewa kwanza. Nikaona mtu wangu wa heshima ni wewe."

Kauli tamu hiyo. Kasiani hakuipenda, kauli tamu ndiyo iliyomlisha grisi. Kabla hajajibu, Maneno akanyoosha mkono akanyofoa pembe ya ile ya pilipili manga na kuitupia mdomoni. Mtani ana ruhusa hiyo. Akatafuna, macho ameyafumba.

"Inanuka soksi ya askari," akasema. "Lakini ina chumvi nzuri."

"Wewe si kipimo," Kasiani akasema. "Ulikula nguruwe mwitu aliyeoza na hukuumwa hata kichwa. Na nani kasema hamkupanga?" Akamgeukia Lukasi. "Kunja kitambaa chako uteremke kabla ya mvua."

Lukasi akaanza kukunja. Alikuwa anakunja kwa hasira. Akafika katikati, akaacha.

"Nitaonja. Ila si ya baridi. Nipe ndizi moja."

Kwenye makaa, mbele ya Kasiani, ndizi zilikuwa zinachomwa. Kasiani akamrushia moja. Lukasi akaipasua, akachana ile jibini ya kitunguu vipande vyembamba, akaijaza ndani, akairudisha motoni. Jibini ikalegea, ikaanza kutoa mapovu pembeni, na ile harufu ya soksi ikageuka kuwa kitu kingine, kama siagi inaungua kidogo. Akaomba pilipili moja ya pale kando ya nyumba. Kasiani akaichuma mwenyewe, hakutaka mkono wa mtu upite hapo.

Lukasi akauma. Kasiani alikuwa ameinama kabisa, anahesabu vidole. Kijana akatafuna, akasita, jasho likamtoka puani, akameza. Wakangoja. Haikurudi.

"Vipi?" Kasiani akauliza.

"Imekwenda."

"Tamu?"

Lukasi akafuta jasho la puani.

"Sema ni tamu," Kasiani akasema polepole, "nikupe binti sasa hivi. Maneno shahidi."

Agnes akaweka ungo chini. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa, na mtoto wa mjini yeyote angelitema bila kufikiri.

"Si tamu," Lukasi akasema. "Ya moto inalika. Ya baridi siitaki, hata ukininyima mke."

Kasiani akamtazama muda mrefu, anatafuta ufa. Halafu akachukua ile nusu ya ndizi mkononi mwa kijana, akaikagua juu na chini, akauma kidogo, akauma tena. Hakusifu. Alidai muhogo wa kuchemsha, akaweka kipande cha ile ya pilipili manga juu yake ungali unafuka, akasema muhogo ndiyo unaibeba, ndizi inaiharibu kwa sukari. Maneno akabisha. Agnes akapaka ile laini kwenye hindi la kuchoma, akala bila kumuuliza mtu, akapaka lingine.

"Agnes," Kasiani akasema akijifuta mdomo. "Mpe huyu jembe. Atalima shamba la mama yako, lile la mteremko, msimu huu wote. Nikimwona anafaa, mtakwenda kwa padri."

"Asante, mjomba," Lukasi akasema. Safari hii hakukatazwa.

Wakateremka shambani jioni ileile, kijana mbele na jembe begani, Kasiani nyuma yake akimchunguza anavyokanyaga. Ile chupa ya jibini laini alikuwa ameibana kwapani. Nyumbani alikuwa amebaki Maneno, na mtani haombi ruhusa.