Chupa Yenye Msalaba

Kanisani kwetu watu wanapenda ushuhuda usio na hofu. Mtu anasimama mbele, anashika maikrofoni, anasema vita ilipoingia Goma yeye alikuwa mtulivu kwa sababu Bwana alikuwa naye. Mimi nakaa kwenye benchi langu na kubetua midomo. Nilikuwa hapa mtaani Mapendo wiki ile, na sikumwona mtulivu hata mmoja. Padri mwenyewe alikuwa akiruka kila mlango ulipobamizwa. Kwa hiyo acha niseme habari za Kahambu, aliyeogopa kuliko sisi sote, na ambaye hajawahi kuitwa mbele atoe ushuhuda wowote.

Jina lake la ubatizo ni Bénita, lakini alizaliwa Butembo, kwa Wanande, na jina la Kahambu ndilo lililomshika. Alikuja Goma kushona nguo. Zahanati ya parokia ilipotafuta watu wa kujitolea akaacha cherehani siku tatu kwa wiki, akisema ana deni kwa Mungu aliyemponya kipindupindu utotoni. Mimi ndiye muuguzi wa zahanati hiyo, mwaka wa ishirini na mbili huu. Nilimfundisha kufunga kidonda, kupima homa, na kutolia mgonjwa anapolia. Hilo la tatu lilimshinda.

Mwisho wa Januari 2025 mapigano yakaingia mjini. Umeme ukakatika, mabomba yakakauka. Mtu aliyekaa siku tatu bila maji haulizi ushauri wa muuguzi; anachukua bidoni, dumu lake la maji, na kuteremka ziwani. Nilijua kinachofuata ni kipindupindu, nikaanzisha kazi ya kutia klori katika maji. Asubuhi mimi nilikoroga unga wake ndani ya chupa moja. Kahambu akaketi ufukweni juu ya mawe meusi ya volkano, na sirinji isiyo na sindano mkononi, akatia kipimo kimoja ndani ya kila bidoni iliyopita mbele yake. "Ungoje nusu saa, mama, ndipo unywe." Aliyasema hayo mara mia kwa siku.

Kati ya zahanati na ziwa palikuwa na kizuizi, na wenye bunduki pale walifungua kila mzigo. Siku ya kwanza mmoja wao, mtu wa makamo mwenye ndevu za mvi, alinusa chupa yetu akasema ni sumu, tunataka kuua watu. Akamwamuru Kahambu ainywe mbele yake. Nilimsihi mpaka sauti ikanikauka, nikamwonyesha kadi yangu ya kazi, ndipo akatuacha. Tulipokata kona Kahambu alishika ukuta akatapika, na alikuwa hajaonja hata tone.

Siku ya pili alikuja na chupa nyingine. Wakatoliki wa kwetu hupeleka maji kanisani katika chupa za plastiki ili yabarikiwe, na wengi huchora msalaba kwa kalamu juu ya kifuniko, yasije yakachanganywa na maji ya kawaida. Kahambu alikuwa ameimimina klori ndani ya chupa ya namna hiyo. Kwenye kizuizi akasema, macho chini, kama anayemwita baba yake, "Ni maji ya baraka, papa." Yule mwenye mvi akajifanyia ishara ya msalaba, akatupitisha. Mimi niliona yote na sikumkemea. Nilicheka, hata, kwa furaha ya kupita salama. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile niliona ni fupi kwa maana ya kufika mapema.

Siku ya tano, mchana, makombora yakaanguka upande wa Katindo. Ufukweni watu wakatawanyika. Kahambu akakimbia hadi kwake, akaweka chupa juu ya kabati la vyombo, robo ikiwa imebaki ndani, kisha akarudi zahanati kwa sababu majeruhi walikuwa wameanza kuletwa.

Nyumbani kwake alikuwa amempokea Julie, mama kutoka Masisi aliyekimbia kambi ya Mugunga na binti yake wa miaka mitatu, Daniella. Siku ile mtoto alikuwa na homa. Julie hakuweza kutoka kutafuta dawa, risasi zikilia. Akaangalia juu ya kabati, akaona chupa yenye msalaba.

Kama saa tisa akaingia zahanati mbio, mtoto mikononi. Alikuwa amepita katikati ya risasi zile zile alizoziogopa. Mtoto alikuwa akitokwa na mate mengi, midomo imekuwa myekundu, na analia kwa sauti ya kukwaruza.

"Nilimupatia maji ya baraka," Julie alisema. "Kijiko kimoja tu, na ingine nikamupakaa mu uso. Sasa iko anaunguwa."

Nilimwinamia mtoto, nikasikia harufu ya klori. Nilimtazama Kahambu, naye alikuwa ameshaelewa. Alimnyakua mtoto, akapeleka vidole mdomoni mwake amtapishe, nami nikampiga mkono. Kitu kilichochoma kikishuka huchoma tena kikipanda. Tulimwosha uso na mdomo, tukampa maji safi kidogo kidogo, kisha maziwa. Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya ila kumtazama anavyopumua. Kama koo lingevimba, zahanati yangu haikuwa na kifaa cha kumsaidia, na hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara ambayo hakuna aliyethubutu kuivuka.

"Yale maji, nani aliyabariki?" Julie aliuliza.

Kahambu angeweza kunyamaza. Mimi nilitamani anyamaze.

"Hakuna mutu aliyabariki, mama Daniella. Ni dawa ya kusafisha maji ya ziwa. Niliacha musalaba juu ya kifuniko ili banipitishe ku barrière."

Julie hakupaza sauti. "Mi niliona musalaba," alisema, "nikasema Mungu ametukumbuka."

Afadhali angempiga kofi. Nilimwambia Kahambu aombe, maana ndiye aliyekuwa mwepesi wa sala kati yetu, naye akatikisa kichwa. "Siwezi, Mama Élisabeth. Nilimufanya Mungu laissez-passer yangu, karatasi ya kupita ku barrière. Nitamuita na mudomo gani?"

Basi aliyeomba ni Julie. Aliomba kwa maneno machache, bila kufumba macho, akiwa bado anamtazama mtoto. Alipomaliza akauchukua mkono wa Kahambu akauweka juu ya kifua cha Daniella. "Na weye ushike," alisema. "Niko peke yangu." Kahambu alishika. Alikaa hivyo saa mbili na zaidi, akihesabu pumzi kwa midomo isiyotoa sauti. Jioni mtoto akameza maziwa bila kulia, akataka uji. Nilitoka nyuma ya zahanati nikalia kama mwanafunzi wangu.

Asubuhi nilikoroga klori mpya. Kahambu akaufuta wino wa kifuniko kwa spiriti mpaka msalaba ukapotea. Akabandika plasta pana ubavuni mwa chupa, akaandika kwa herufi kubwa: KLORI. SI YA KUNYWA.

"Andika ukishapita," nilimwambia.

"Hapana, Mama."

"Wanaweza kutuua, Kahambu."

"Najua. Niko naogopa sana. Lakini sitamuficha tena mutu kitu kama hiki."

Nilikasirika, kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu nililazimika kwenda naye. Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile, na ni dakika kumi na tano tu.

Alikuwa yule yule mwenye mvi. Alisoma plasta taratibu, kisha akamtazama Kahambu. "Jana ilikuwa maji ya baraka."

"Nilikudanganya, papa. Ilikuwa hii hii. Nilikuogopa. Jana mutoto wetu alikunywa, karibu afe. Naomba unisamehe."

Wenzake wawili walisogea. Mimi nilijaribu kusali, nikajikuta nasema Baba Yetu na kurudi mwanzo kila nilipofika "mkate wetu". Kisha yule mwenye mvi akaingia kibandani mwao, akatoka na bidoni ya maji ya ziwa, akaitua mbele ya miguu ya Kahambu.

"Weka humu. Kisha utakunywa wa kwanza."

Kahambu alivuta kipimo kimoja, nusu ikamwagika, akavuta upya, akatia. "Tungoje nusu saa," alisema.

"Tunangoja."

Tukaketi juu ya jiwe, bunduki tatu zimetuzunguka. Ukitaka kujua nusu saa ni nini, kaa hivyo. Niliogopa kwamba nimekosea vijiko asubuhi. Niliogopa kwamba mtu yule alikuwa anachezea woga wetu. Kahambu alikuwa ameloa jasho, nami nikamuuliza kwa kunong'ona kama sasa anaomba.

"Namwambia tu niko hapa," alisema. "Sina kitu ingine ya kumwonyesha."

Nusu saa ilipoisha yule mwenye mvi alimpa kikombe. Kahambu akanywa chote. Mtu akangoja, akamwangalia macho, kisha akajaza kikombe hicho hicho akanywa naye, akakunja uso kwa harufu. "Piteni," akasema, na kwa mguu wake akasukuma karibu nasi bidoni nyingine iliyokuwa kando ya kibanda. "Lakini kwanza tia na ya wenzangu."

Siku kumi na tisa tulipita kizuizi kile, mpaka maji yaliporudi kwenye mabomba. Siku zote kumi na tisa Kahambu aliogopa. Niliushika mkono wake, najua. Na siku zote kumi na tisa plasta ile ilikuwa nje, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuisoma.