Moshi Nilioufuta

Nakumbuka siku moja asubuhi, mwanangu, nilizima moto kwa kitambaa kibichi, na moto wenyewe ulikuwa kwenye karatasi.

Nilikuwa msichana, nimemfuata babu yako hapa Sydney juzi tu, nafanya usafi katika nyumba ya wazee. Kusoma niliishia darasa la tatu, lakini kusugua? Hakuna aliyeniweza. Katika chumba cha mwisho alilala bibi wa wenyeji wa asili wa Australia hii, mweusi kuliko mimi, wote tukimwita Shangazi. Mbele ya kitanda chake ulitundikwa mchoro wa penseli wa karne ya kumi na tisa: mto, vilima, miti. Mtu hata mmoja hakuna. Ila juu ya kilima palikuwa na doa la kijivu. Siku nyingine ningeapa limeinamia kushoto. Kesho yake, kulia.

Kioo cha mchoro kikapasuka, kikaondolewa. Mimi na kiherehere changu nikalifuta doa.

"Shangazi, leo nimekusafishia!"

Akatazama, akatazama. "Msichana, wewe unafuta mpaka watu?"

"Watu gani? Si doa tu?"

"Ni moshi. Wazungu walichora nchi hii tupu, wakapeleka michoro kwao Ulaya, wenzao waone haina mwenyewe, waje wachukue. Huyu mmoja alisahau kuuacha nje moshi wetu. Bibi yangu alipikia nyuma ya kilima hicho. Na wewe, mweusi mwenzangu, umekuja kummalizia kazi."

Chumba kikanuka kuni. Madirisha yamefungwa, king'ora cha moto kimya. Nikanusa kitambaa mkononi: harufu ilitoka humo.

Shangazi akageukia ukutani. Hakunisemesha tena mpaka tulipomzika. Kitambaa nimekifua miaka na miaka. Kimo kabatini hapa Penrith, pembezoni mwa Sydney, na mvua ikinyesha kinanuka kuni. Majuto ni mjukuu, kweli.

Jana umenionyesha mchoro wako wa mto wetu. Mjukuu wangu, msomi wa chuo! Nikavimba kichwa. Kisha nikaona umewafuta kwa raba wale waliokuwa wakichoma nyama chini ya daraja. Ukanijibu kwa Kiingereza chako, eti wanaharibu mandhari. Leo mvua hakuna, jua kali, na nilipofungua kabati nimekohoa.

Warudishe, mwanangu. Panapofuka moshi pana mtu. Usifute usichokijua kabla hujauliza ni cha nani. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi sikuuliza.

Mungu aubariki mkono wako. Na moshi wa jiko lako usikose wa kuuona.