Kompadre wa Nyuma ya Ukuta

Nyuma ya ua wa Doña Maclovia, yaani Bibi Maclovia, huko Wilmington, Los Angeles, palikuwa na ukuta mrefu uliofunikwa maua ya zambarau. Mgeni angedhani ni bustani ya tajiri. Wenyeji walijua kuwa ndani yake mafuta yanachimbwa usiku na mchana. Vikombe vilitetemeka kabatini. Gesi iliponuka kama mayai viza, kampuni ilinyunyiza manukato ya mapera, nao watu wakafunga madirisha, wakaendelea kula.

Maclovia alikuwa mjane, fundi cherehani. Hakujaliwa mtoto, ila alikuwa na Itzel, binti wa jirani yake Refugio, ambaye Maclovia alimsimamia ubatizo. Tangu siku hiyo yeye na Refugio hawakuitana majina. Waliitana komadre, yaani mama wawili wa mtoto mmoja (mwanamume huitwa kompadre), na kwa watu wao undugu huo hauvunjwi.

Itzel alipokaribia kutimiza miaka kumi na mitano, ilitakiwa sherehe ya kumwingiza utu uzima. Kwa desturi yao, atoaye keki huwa baba wa keki, atoaye gauni huwa mama wa gauni, na wote huhesabiwa jamaa wa binti. Maclovia alibisha hodi kila nyumba. Muziki ukakosa mtu wa kuulipia. Akaenda kugonga geti la ukutani.

Bwana Pruitt, msemaji wa kampuni, alicheka. "Bendi nzima? Haya mama, baba wa muziki ni mimi."

"Kampuni, komadre?" Refugio alishtuka. "Hawa hawa wanaomkaba mwanangu pumzi?"

"Mkono mtupu haulambwi. Au unataka binti yetu acheze kwa redio?"

Siku ya sherehe Pruitt alikuja na buti mpya, akacheza na Itzel, akala mpaka akafungua mkanda. Ukumbi mzima ukamwita kompadre.

Miezi michache baadaye, Itzel akiwa jikoni kwa Maclovia anapimwa sketi, gesi ilivuja. Msichana alidondoka. Damu ilimtoka puani ikalowesha kitambaa cha sketi, na kifua kikapiga miluzi. Hapakuwa na shahidi mwingine.

Kampuni ilipoomba kibali cha kuchimba visima zaidi, mtaa uliitwa kwenye mkutano wa jiji kutoa maoni.

"Komadre, sema ulichokiona," Refugio alimsihi. "Usitie chumvi. Hicho hicho kinatosha."

Maclovia alisimama. Safu ya mbele alikuwa amekaa Pruitt, mkono kifuani, akimtazama kwa upole. "Komadre," akamwita, kwa sauti ya chini. Maclovia alifunzwa tangu utotoni kuwa kompadre haaibishwi mbele ya wageni.

"Mimi nanusa mapera tu," alisema, akaketi. Watu wakacheka. Refugio hakucheka.

Kibali kikatolewa. Adabu inayoogopa ukweli si adabu. Ni woga uliovaa nguo za sikukuu, na anayelipia nguo hizo mara nyingi ni mtoto wa mtu.

Kabla mwaka haujaisha Itzel alilazwa. Maclovia alikimbilia getini kumwomba kompadre wake asimamishe mitambo, angalau binti apate nafuu.

"Pruitt? Kahamishiwa Texas," mlinzi alimjibu.

"Ameondoka bila kuniaga? Yule ni kompadre wangu!"

"Pole, mama. Huyo alikuwa na makompadre mtaa mzima. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kufanya."

Maclovia alipika tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwa majani, akampelekea Refugio. Alikuta lori mlangoni, godoro la Itzel limeshafungwa kamba juu. Mama na binti walikuwa wanahamia kwa binamu, mji wa Fresno, mbali na visima. Refugio alipokea sufuria kwa mikono miwili.

"Asante, Doña Maclovia," alisema.

Miaka yote ile hakuwahi kumwita jina.

Sasa Maclovia hakosi mkutano. Husimama na kitambaa kile chenye doa, akaeleza yote, bila chumvi. Wakubwa humsikiliza, kisha humwuliza, "Na msichana mwenyewe yuko wapi?"

Hapo hukikunja kitambaa chake, akaketi.