Nyungu Niliyompikia Bi Time

Siku ya kwanza kazini nilipewa mkoba wa kubeba, nikakatazwa kuufungua. Mzee Kombo, tabibu wa mitishamba, alinitembeza kutoka Wawi mpaka Tibirinzi, na kila mti tuliopita aliniuliza jina. Nisipolijua, nilitafuna jani lake. Tuliporudi ulimi wangu ulikuwa mchungu mpaka kooni, lakini majani kumi na mawili nilishayajua. Shule niliiachia darasa la nne. Hata hivyo, nyinyi vijana mnaosoma haya mjue kwamba kwa mitishamba, mji mzima wa Chake hakukuwa na wa kunizidi.

Mzee alikuwa na sharti moja.

"Tumbo, mafua, viungo, hayo yetu. Jicho si letu. Jicho linapelekwa hospitali siku hiyo hiyo."

"Hata likiwasha tu, mzee?"

"Hata likikukonyeza."

Alipofariki nilifungua duka Madungu, dawa zote kwenye chupa zenye vibandiko. Watu wakaniita Daktari, na sikuwakataza.

Ndipo akaja Bi Time, mjane wa Mzee Kombo, aliyenilisha miaka yote ya kujifunza kwangu. Hospitali walimkuta na presha ya macho. Jicho lina maji yake ya ndani, yanayoingia na kutoka kila siku. Njia ya kutokea ikiziba, maji yanajaa na kuukandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Mara nyingi hakuna maumivu. Mtu anaanza kutoona vya pembeni, wala hajijui. Bi Time alipewa matone ya kutia kila siku, maisha yake yote, lakini yalimchoma. Akaniuliza kama nina cha asili.

"Ila marehemu alikuwa hagusi jicho," akasema mwenyewe.

"Marehemu alikuwa na mkoba, bibi. Miye nina duka."

Alicheka. Nikamwambia matone ayafungie kabatini, nikampikia nyungu: kivumbasi na mchaichai vinachemshwa chunguni, mgonjwa anajifunika shuka na kuinamia mvuke. Asubuhi na jioni, miezi mitano. Alisema macho yamekuwa mepesi, nami nikawatangazia wateja.

Siku moja nilimkuta anasuka ukili wa mkeka, rangi za upande wa kulia zimepishana ovyo.

"Bibi, leo umesuka kama mwanafunzi."

Alipapasa ule ukili polepole. "Upande huo siuoni, mwanangu. Nilidhani wingu."

Tabibu wa macho hospitalini nilikompeleka, mwanamama asiyepaza sauti, alimpima, kisha akanigeukia. "Alikuwa anainamisha kichwa kila siku?"

"Ndiyo."

"Kuinama hivyo kunaipandisha presha. Na matone je?"

Jicho la kulia lilikuwa limekwisha, la kushoto limebaki nusu, na kilichopotea hakirudi.

Nikauliza, basi cha asili hakuna? Akasema vipo vya kusaidia kidogo: kutembea kwa miguu kila siku, kupunguza kahawa kali, kunywa maji kidogo kidogo badala ya kata nzima kwa mkupuo, kuinua kichwa kidogo kwa mto wakati wa kulala. "Lakini vinakwenda pamoja na matone. Haviyaondoi." Hakuna hata kimoja kilichohitaji duka langu.

Duka nimelifunga nikiwa bado na nguvu zangu. Wateja wananigongea mpaka leo, na sishangai. Asubuhi na jioni nakwenda Wawi, nakamatana mkono na Bi Time, tunatembea mpaka barabarani na kurudi. Kisha anakaa, anaegemeza kichwa, navuta kope ya chini na kudondosha tone moja. Anafumba, nami nabonyeza pembe ya jicho karibu na pua ili dawa isikimbie. Mkono wangu hautetemeki, hata wauguzi wameusifu.

Jana nilimwambia hivyo. Alikuwa bado amefumba.

"Mkono mzuri," akasema. "Na matone yalikuwa kabatini siku zote hizo."