Tanga la Picha

Kutoka Kigoma hadi Gisenyi nilitumia siku tatu. Basi lilikufa Kibondo, tukashinda kando ya barabara tukingoja kipuri. Baada ya Kigali ikaja milima, na jirani yangu wa kiti akatapika ndani ya mfuko mweusi tangu Musanze hadi Kanama. Mfuko huo aliupakata. Nilivumilia, kwa sababu mama mmoja mwenye hoteli kando ya ziwa huko Gisenyi alikuwa na mashua ya tanga na alitafuta nahodha. Mimi nilikulia kwenye matanga ya Ziwa Tanganyika. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu, nimehama miji mingi, nikajiambia hapa nitatua.

Niliwakuta mabaharia wanne, hakuna aliyefika miaka ishirini na tano. Mkubwa wao alivaa miwani nyeusi hata mvua ikinyesha. Tumbo la mashua lilikuwa na maji meusi ya dizeli, maganda ya ndizi na kiatu kimoja cha mtoto. Nilipouliza kwa nini hawayatoi, Miwani alinijibu, "Kapiteni, wageni hawaangaliake kule chini."

Tanga nalo halikuwa la upepo. Tulisafiri kwa mashine, na tanga lilipandishwa tu wageni walipotaka picha.

Jumamosi moja walivuka wageni kutoka Goma, kupitia kituo cha mpakani cha Grande Barrière, kusherehekea siku ya kuzaliwa. Tulipokaribia chemchemi za maji ya moto za Nyamyumba wakaomba picha. Mimi nilikuwa kwenye usukani. Tanga likapanda, likaniziba mbele kote, na sikupunguza mwendo. Mashine ikakohoa, ikazima. Tulikuwa tumeingia katikati ya wavu wa mtu, na vidumu vyake vya manjano vilielea huku na huku.

Miwani alishuka majini na kisu. Badala ya kuufungua wavu aliukata vipande, akavisukuma mbali kwa mguu. Humo mlikuwa na tilapia watano. Msichana wa jikoni, mmoja wa wale mabaharia wanne, akawakaanga.

"Bon, leo ziwa imetuletea zawadi," Miwani aliwaambia wageni, nao wakapiga makofi.

Nilikula mmoja. Nilikuwa na njaa, na alikuwa mtamu. Hilo ndilo linalonichefua mpaka leo kuliko maji yale meusi.

Tuliporudi, mzee mmoja alikuwa anatungoja ufukweni, kashika kipande cha kamba.

"Kapiteni, mi nauliza tu. Muliona wavu yangu? Iko moja tu ile."

Miwani akanitangulia. "Muzee, ziwa ni kubwa. Labda mawimbi ilibeba."

"Siulizi wewe, mutoto. Nauliza mukubwa."

Wote wanne walinitazama. Nikasema sikuona kitu. Mzee aliitikia kwa kichwa, akaondoka polepole. Nyuma yangu mmoja akaigiza mwendo wake, wenzake wakacheka, na msichana akanipigapiga begani kama anayempongeza mtu aliyefaulu mtihani.

Asubuhi nilimtafuta mzee. Nilimkuta na mkewe wakiunganisha vipande vya wavu vilivyookotwa. Nilimweleza yote, pamoja na samaki niliyekula.

"Nilijua," alisema. "Ulikuwa unanukia mafuta ya samaki. Nilitaka nisikie wewe utasema nini."

Mkewe hakuinua macho. "Sasa enda useme vile kwa madamu wa hoteli, siyo kwetu."

Nikaenda, mzee akinifuata hatua chache nyuma. Mwenye hoteli alinisikiliza, akamtuma mtu sokoni kununua wavu mpya. Miwani alisimama mlangoni na wenzake.

"Donc kapiteni ni mushitaki," alisema. "Madamu, sisi na huyu hatupande tena mashua moja."

Mama aliwatazama wao wanne, kisha mimi peke yangu. Uamuzi haukumchukua muda.

Wavu ulipofika, mzee aliutandaza kwenye nyasi za hoteli, akaukagua jicho kwa jicho, akaukunja vizuri. Hakunishukuru, na nisingetaka anishukuru. Nikachukua begi langu, nikapita kando ya mashua bila kuitazama, nikapanda gari la saa tano kwenda Kigali.