Kaseti Nilizoficha Ghalani

Nakumbuka Jumamosi moja kwetu Masii, wakwe walipoleta mbuzi wa ntheo, wale ambao bila wao Mkamba hajahesabiwa kuwa na mke. Mke mwenyewe alikuwa dada yangu Mwende. Mimi, kijana wa kidato cha tatu mwenye maringo mengi, niliachiwa redio kaseti na betri ya gari.

Mwanangu, nilikuwa nimealika wanafunzi wenzangu watatu kutoka Machakos mjini. Niliogopa wakisikia benga, muziki wa magitaa wa Kikamba aliopenda baba, wataniona mshamba. Basi asubuhi nikaficha kaseti za baba ghalani, chini ya magunia ya mbaazi, nikabaki na ragga na rap tu. Ujana nao!

Wageni walipofika nikafungulia ragga. Wazee wa upande wa bwana harusi, waliotoka Katangi, wakabaki vitini, soda mkononi. Mama ya bwana harusi, mwanamke asiyecheka ovyo, akamuuliza shangazi yangu kama wamekaribishwa kweli ama warudi na mbuzi wao. Mwende alisikia. Akanijia polepole, machozi yakimlengalenga.

"Kioko, leo ni siku yangu ama ni ya marafiki wako?"

Nilikimbia ghalani. Benga ilipolia, yule mama mkwe ndiye aliyeinuka kwanza, mabega yakitikisika. Na wale marafiki? Waliimba kila neno mpaka mwisho, maana hata kwao nyumbani ndizo nyimbo walizolelewa nazo. Niliona haya, mwanangu, lakini nilifurahi pia. Baadaye mama mkwe akanijia akihema, akaniagiza nirudishe ile ya vijana, na hiyo pia akaicheza. Mwende alicheka mpaka akaketi chini.

Kwa hivyo nikikuona na hizo waya masikioni, mara gospel, mara rhumba, mara hizi za siku hizi ambazo mimi huambulia neno moja tu, sikukemei. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini hawakusema msala usikaliwe. Sikiliza zote. Ukipewa kuwachezea watu muziki, tazama nyuso zao kwanza. Na kilicho chako usikifiche. Mimi nilikaribia kumharibia dada yangu ndoa kwa kuogopa kicheko, na siku ile nzima hakuna hata mmoja aliyenicheka.

Mungu akupe moyo mkunjufu, mwanangu, na nyumba ambayo wakubwa na wadogo watacheza pamoja.